Digrii Mia Mbili

Kiti kilitoka hospitali kikiwa kijivu,
kijivu cha ofisi, cha bomba, cha barafu ya bandari ya Kemi
mwezi wa Januari, saa tisa alasiri, taa zimeshawashwa.
Iitu, miaka kumi na minne, akakitazama juu hadi chini:
Baba, hiki ni kiti cha mtu mwingine.

Nikafungua vipande viwili vya alumini,
vile vinavyoshika magurudumu madogo ya mbele,
kila kimoja hakizidi kiganja.
Tuanze na hivi, nikasema, kama fundi,
mimi niliyeuza bima miaka ishirini.

Marjukka alitoa sharti moja:
oveni yangu ya mikate, hapana.
Rangi ikishaokwa humo, chakula kimehama.
Nikanunua kuukuu, ya kantini ya shule iliyofungwa;
mtu alikuwa ameandika ubavuni: mlango huu una kiburi.
Nikaiweka gereji, kati ya skii na koleo la theluji.

Unga wa rangi ni laini kuliko wa ngano.
Ukipiga chafya, euro tatu zimekwenda.
Kwa hiyo barakoa, miwani, madirisha wazi kwenye baridi ile,
na kwenye kipande cha boksi nikaandika, nikabandika ukutani:

    Osha, futa, usiguse, kidole kina mafuta;
    Funga waya wa ardhi, unga uje ukinata;
    Ziba matundu ya hesi, au kesho utajuta;
    Oveni usifungue, hata hamu ikiita.

Mstari wa tatu niliusahau. Hilo ni la baadaye.

Kipande kilining'inia kwa waya wa shaba.
Nikabonyeza bunduki,
na ule ukungu wa chungwa ukakata kona hewani,
ukaenda hadi mgongoni, nisikolenga,
kama watu waliosikia jina lao likiitwa.
Nikaoka. Nikatoa.
Malengelenge.

Alumini ya kumimina ina siri:
hubana hewa na mafuta ya zamani kwenye vinyweleo,
ikipata joto ndipo inapumua.
Ilitaka kuokwa tupu kwanza,
itoe yaliyo moyoni, halafu ndiyo ivishwe.
Iitu akakigeuza mkononi: Kina chunusi. Kama mimi.
Akataka tukiache hivyo hivyo.
Nikakataa. Siku mbili za msasa,
makamasi ya chungwa, mke akinicheka mezani.

Mara ya pili, pembe ya ndani ndiyo iliyogoma.
Kingo zilinona kwa unga, pembe ikabaki uchi.
Nikasogea, unga ukarudi nyuma.
Nikapandisha umeme. Ukazidi kukataa.
Mlangoni, blanketi magotini, Iitu akasema:
Punguza, Baba. Unausukuma mno.

Nikapunguza.
Nikasimama mbali kidogo, mkono mwepesi.
Ukaingia.

Dakika kumi, zihesabiwe kipande chenyewe kikishachemka,
si oveni; oveni hujisifu mapema.
Tulichungulia kioo pamoja, vichwa vikigongana:
kwanza vumbi, kisha ganda la chungwa,
kisha utulivu, kama maji ndani ya beseni.
Hatukusema kitu. Theluji ilikuwa inaanguka kwenye gari.

Asubuhi bolti ikagoma kuingia.
Rangi imejaa hesi zote.
Utajuta, Iitu akasoma ukutani
kwa sauti ya mtangazaji wa habari.
Nikachonga hesi upya, kidogo kidogo, nikijuta.

Jumatatu, mlango wa maktaba, saa moja haijatimia,
akakwaruza cha kushoto kwenye kizingiti.
Mstari mweupe, urefu wa njiti ya kiberiti.
Nikafungua mdomo;
yeye alikuwa ameshafika kwenye rafu.

Jioni aliuliza kama unga uliobaki
unatosha vikanyagio vya miguu.
Nikatikisa kopo, nikasikiliza.
Nikavifungua, nikaviosha,
nikaviingiza oveni
vikiwa tupu, kwanza.