Punda wa Pikseli

Dundee, saa tisa za usiku.
Hita nimeizima, mita inakula sarafu.
Ndani ya mchezo wa watu, wenye farasi watupu,
namwingiza punda wa Kizingitini:
pikseli kumi na sita kwa kumi na sita,
na mzigo wa boriti juu yake.

Bi Morag wa duka la mitumba
aliniuzia kalamu na kibao chake, pauni kumi na mbili.
“Kipanya ni cha makarani,” alisema.
Nikajaribu. Kalamu ina mbio,
inateleza kama ulimi wa mshenga;
sikio likatoka jani la mgomba.

Programu ya kwanza, ya kulipia kila mwezi,
ililainisha kila ukingo,
ikanitilia ukungu kwenye kwato. Nikaifuta.
Hii ya bure haijui kubembeleza:
nukta ni nyeusi, au si nyeusi, basi.

Nimerudi kwa kipanya changu cha kazini,
kitufe cha kushoto kimelegea,
nikibofya moja kinabofya mbili.
Tk. Sikio.
Tk-tk. Nafuta moja.

Limebaki jicho.
Nukta moja tu, na kahawia nne;
tangu juzi nachagua.
Akinitazama, nitalala.