Fomu ya Nyumba Nambari Kumi na Saba

Fomu ilikuwa na kurasa nne, na kalamu ya ofisi
iliyofungwa kwa uzi, kana kwamba ningeiiba.
Mtaa: Kibokoni. Idadi ya ghorofa: mbili
na nusu, ukihesabu kile chumba cha juu
ambamo Bi Maimuna huanika pilipili.

Hali ya jengo: nzuri, wastani, mbaya.
Weka alama moja tu.

"Ndoo," aliniambia, "iwache karatasi ipumzike."
Akanishika kiganja, akakibandika ukutani,
na ukuta ulikuwa na jasho,
jasho la chumvi, kama mgonjwa wa homa.
"Mwaka wa ile mvua kubwa, mwanangu Hemedi
alileta mifuko sita ya saruji. Kwa mapenzi, usimlaumu.
Akapiga lipu, ukuta ukawa laini kama sahani.
Tangu siku ile nyumba haijavuta pumzi."

Matumbawe hupumua. Sikulijua hilo,
mimi mwenye cheti. Jiwe lililozaliwa majini
hutaka chokaa, na chokaa hutaka subira:
ichomwe, imwagiwe maji, ilazwe shimoni
miezi, hadi iwe nzito kama mtindi.
Saruji haina subira. Hukauka kesho asubuhi
ikaanza kugombana na jirani zake.

Nikaandika pembeni ile methali ya ufa na ukuta.
Fundi Shebwana, juu ya ngazi, alicheka hadi akakohoa vumbi.
"Ufa huu ukiuziba kwa saruji, bwana afisa,
ukuta utaujenga tu."

Upana wa vyumba. Nikakunjua utepe.
Futi tisa. Cha pili, futi tisa. Cha tatu.
Mbona vyote vyembamba?
Nyamawi, kijana wa Kaloleni anayejifunza kazi,
hakujibu. Alinyoosha kidole darini, kwenye boriti.

Basi aliyepima hapa hakuwa mhandisi.
Ni mkoko uliosimama topeni, maji yakijaa, yakipwa,
ukafika kimo chake ukasema: mwisho wangu huu.
Na watu wakaoana, wakanuniana, wakasameheana,
wakakafiniwa
ndani ya kimo cha mti.
Fomu haikuwa na kisanduku cha hilo.

Mnunuzi amekwisha kuja, mara mbili, na viatu vyake.
Ameahidi kuulinda uso: mlango wa nakshi, roshani.
Nyuma yake, hoteli. Alionyesha picha kwenye simu,
miji ya ng'ambo iliyofanyiwa hivyo,
kuta za mbele zimesimama peke yake, zimeegemezwa vyuma,
madirisha yakitazama mbingu pande zote mbili.
"Huo si uso," alisema Bi Maimuna. "Ni barakoa.
Uso una kitwa nyuma yake."
Na Hemedi? Hemedi yuko Mlaleo, na kikokotoo,
akigawa bei kwa ndugu watano.

Saa nane Nyamawi akaanza kuibandua saruji.
Vipande vilianguka kama maganda ya yai,
kisha patasi ikaingia patupu.
Kidaka. Kilikuwa kimezibwa kwa kokoto na haraka.
Ndani: gololi tatu, kitana kisicho na meno,
na karatasi iliyokunjwa mara nane.

Bi Maimuna aliisogeza karibu na mato, akaisogeza mbali.
Ripoti ya darasa la nne. Hemedi bin Shekue.
Aliificha mtoto, akaisahau kijana,
akaizika mwenyewe, mtu mzima, kwa mwiko wake.

Akaitisha simu. Sote tulinyamaza,
hata ngazi ya Shebwana.
"Hemedi? Sijambo. Nyumba? Haijambo, yaanza kukohoa.
Sikiza nikusomee.
Kiswahili, sitini na mbili.
Hesabu, baba,
hesabu kumi na tisa kwa mia!
Na wewe ndiwe wa kunipigia hesabu ya nyumba?"