Shibiri kwa Shibiri

Wiki aliyokuja mpima ardhi wa wilaya
na utepe wake, na bikoni za saruji,
kuligawa shamba la Mkuzi mafungu matatu,
nilimwona mpimaji mwingine
juu ya tawi la mchungwa, mwembamba kama njiti ya kiberiti,
akienda shibiri kwa shibiri:
kichwa kinanyooka, kinashika;
mkia unakifuata, mgongo unapinda
kama mshikio wa ndoo.
Hana daftari. Hana wa kumtilia saini.

Kaka yangu Hiza akasema, huyo mla majani, mponde.

Sikumponda. Niligusa tawi,
akasimama mshazari, akakauka,
kijiti miongoni mwa vijiti,
hata mpima akaja akatundika kofia papo hapo.

Michungwa ilikuwa imechanua.
Kiwavi hung'ata ua, kipande kwa kipande,
akajibandika mgongoni kwa uzi wa mdomo wake;
likinyauka hulivua, akashona jingine.
Dada Mwantumu, mwenye cherehani, alicheka:
"Huyu hakopi kitambaa kwa mtu."

Siku bikoni ya mwisho ilipochimbiwa
na kisima kikaangukia kwa Hiza,
kiwavi alishusha uzi, akateremka,
akakunja majani mawili makavu, akajifungia humo.
Nasi tukajifungia, kila mtu kwake.
Wiki mbili hatukuombana hata chumvi.

Masika iliponyesha siku nne mfululizo
akaja ukutani, kwenye taa ya baraza:
nondo wa kijani, kijani cha ndimu changa,
mabawa ameyalaza bapa,
na mstari mweupe kutoka bawa hadi bawa,
umenyooka kuliko wowote aliouchora mpima.
Mwantumu alisogea. Hiza naye alisogea.
Sijui kama hula. Sikumwona akila.

Mayai aliyataga ukingoni mwa jani,
moja juu ya jingine, kama visahani vya kahawa,
kwenye ule mchungwa wa mpakani
ambao nusu ya kivuli chake ni kesi.

Asubuhi ya tatu nilimwokota chini ya taa.
Kijani kilikuwa kimemtoka;
amebaki rangi ya chai ya maziwa iliyopoa.
Nilimlaza ndani ya ramani, nikaikunja.

Juzi niliifungua. Mpaka wa mashariki
una unga kidogo, mstari hausomeki vizuri.
Nje, mayai yameanguliwa.
Wanapima upya,
wameanzia upande wa Hiza.