Malimau ya Wifi

Mwaka huu zabibu zimeiva wiki moja kabla ya siku yake,
nyeusi, ganda nene, vumbi la Etna limezikaa mabegani.
Bibi Venera hakimbilii kuziosha. Anazinusa kwanza,
kisha anasema, "Hizi zina kiburi. Zitataka limau."

Na limau, mtaa mzima unajua, liko ng'ambo,
kwa wifi yake Crocifissa, roshani ya kijani.
Hawajasemezana tangu ukuta wa Cirino uporomoke
ukaangukia upande usiokuwa wake.
Miaka kumi na tisa. Cirino amezikwa,
ukuta umejengwa upya, umeota nyasi,
umeota hata mjusi wake.

Upishi wenyewe ni huu.
Unazikamua kwa mikono
mpaka viganja vishike rangi ya jeraha la jana.
Unachuja. Unatumbukiza jivu la matawi ya mzabibu
lililofungwa kwenye kitambaa
("si jivu la mlima, mjinga wewe, la mlima ni la kufagia"),
linalala humo usiku kucha likinyonya ukali.
Asubuhi maji yako juu, maangavu,
na tope liko chini, limetulia
kama yale ambayo watu wazima hawayasemi mbele ya wageni.
Halafu wanga, mdalasini, moto mdogo,
mwiko unaozunguka upande mmoja tu.

Hapo ndipo kikapu kinaposhuka.

Mimi ni mchukuzi tangu nina miaka saba.
Nasimama barabarani, nafungua kamba ya huku,
navuka na chupa ya maji ya zabibu ingali vuguvugu,
nafunga kwenye kamba ya kule, nangoja.
Kinarudi na malimau sita yenye majani yake
na kichupa kisicho na jina:
maganda yaliyolowekwa siku arobaini kwenye spiriti,
yakatiwa shira ya zabibu za mwaka jana.
Zabibu zetu. Maganda yao.
Hakuna anayemshukuru mwenzake. Mimi hupewa lozi.

Sasa nafanya kazi Catania, nakuja kwa basi
kushika kamba, na dereva anadhani nina mchumba.

Mwaka huu Bibi alionja kijiko kimoja cha kichupa kile,
akakunja uso.
"Chungu."
Akavuta ganda moja kwa uma, akaliinua dirishani.
Crocifissa, aliyekuwa akimenya limau kwa utepe mmoja
mwembamba hata ungesoma gazeti nyuma yake,
manjano tupu, bila uzi wa weupe,
alikuwa amechimba. Kisu kimezama, kimetoka, kimezama tena.
Weupe mnene kama sabuni.

Bibi alilitazama kwa muda mrefu.
"Mkono," alisema. Hakuwa akisema nami.

Akafuta vidole. Akavua aproni, jambo asilolifanya
hata padri akija.
Akatia kisu kidogo mfukoni mwa sketi,
akanikabidhi mwiko, akashuka ngazi kwa ubavu,
goti la kulia likitangulia,
akavuka barabara ile ya hatua tisa
bila kutazama kama kuna gari.

Nilibaki na sufuria. Shira ilianza kupumua,
vipovu vizito, pu, pu,
nami nikanyoosha shingo dirishani.
Ng'ambo, nyuma ya nguo zilizoanikwa,
vichwa viwili vyeupe vimeinamia beseni.
Mmoja anashika limau. Mwingine anakata.
Midomo imefungwa.
Harufu ya ganda ikavuka barabara, ikaingia jikoni
mbele ya sauti yoyote.

Kisha nikasikia, miaka kumi na tisa baadaye,
neno la kwanza:
"Kisu chako butu."

Hata leo sijui ni nani aliyesema.
Nilikuwa nimegeuka mbio: sufuria ilishashika chini,
na sikukumbuka mwiko ulikuwa unazunguka upande upi.