Siyo Kiti

Septemba nzima kazi yangu ni viti.
Marlys huniachia kikaratasi mlangoni:
Jumanne, mablanketi ya viraka, viti sitini.
Alhamisi, mhadhara wa reli, arobaini.
Jumamosi ameweka alama ya kuuliza,
maana Jumamosi kuna mpira wa chuo,
na mpira ukiwepo Lincoln yote huvaa nyekundu,
historia ikabaki na walinzi wake.

Navifungua kimoja kimoja, bawaba zikilia.
Nimejifunza kuwasoma watu kwa viti wanavyoviacha.
Wakulima hukaa nyuma, karibu na mlango,
kofia gotini;
mashine imesimama katikati ya mahindi
na mvua haina adabu.
Wanafunzi huacha makombo.
Wajane hukirudisha kiti kilipokuwa,
wakakipangusa.

Oktoba alikuja mama wa Kipawnee, kutoka Oklahoma,
na mahindi ya ukoo wake ndani ya chupa ya jamu,
punje za zambarau, nyingine nyeusi kabisa.
Alikataa kipaza sauti.
"Haya yalifukuzwa hapa kwa miguu," alisema,
"leo nimeyarudisha kwa gari."
Hakuna aliyejua kama inafaa kucheka.
Viti themanini, na bado watu walisimama.

Kisha ikaja ile Jumamosi ya alama ya kuuliza.
Picha za kale, saa nane mchana.
Nilipanga viti ishirini kwa matumaini tu.
Wakaja watatu:
mmoja alikimbia baridi,
mmoja ni mume wa Marlys,
wa tatu ni Ardith Vondracek, miaka themanini na sita,
aliyeletwa kutoka Wilber kwa gari la jirani.

Mhadhiri, kijana mwenye tai ya kijani,
alitupa ukutani picha ya bati:
mtoto mchanga, gauni refu kuliko mwili,
macho makavu kama ya karani.
"Mtoto juu ya kiti kilichofunikwa," akasoma.
"Mwaka 1889, au karibu na hapo. Hajulikani."

Ardith akainua fimbo
kama mtu anayesimamisha treni.
"Siyo kiti."

Kijana akageuka kuitazama picha, akamtazama yeye.

"Mtoto huyo ni babu yangu, Bohumil.
Na hicho mnachokiita kiti ni mama yake.
Mpiga picha alimfunika pazia
amshike mwanawe asitikisike.
Tazameni chini, kulia."

Tukatazama.
Chini, kulia, pindo la pazia lilipoishia,
ncha ya kiatu.

"Ludmila," akasema.
Akalitaja tena, polepole,
akimpa kijana herufi moja moja.

Husemwa asiyekuwepo na lake halipo.
Huyu alikuwepo, miaka yote hiyo,
amekaa wima, amebana pumzi,
lake ndilo halikuwepo.

Lebo haibadilishwi siku hiyo hiyo.
Kuna fomu, kuna kamati,
na kamati hukutana Januari.
Kijana aliliandika jina kiganjani kwa kalamu,
kama mtoto wa shule anayeogopa kusahau.
Ardith akauliza choo kiko wapi.

Jioni nilikunja viti.
Nje mialoni ilikuwa imebaki mifupa,
na kelele za uwanjani zikapita juu ya paa:
wamefunga, au wamefungwa,
kwa mbali sauti ni ile ile.
Viti kumi na saba vilikuwa baridi.
Kile cha Ardith, kimekwisha kupanguswa,
bado kilikuwa na vuguvugu.
Nilikiacha hadi mwisho.
Nikakibeba kwa mikono miwili,
mkono mmoja mgongoni, mmoja chini,
kwa namna ambayo kiti hakihitaji.

Mlangoni, kikaratasi cha Marlys:
Jumatatu, watoto wa shule, mia na ishirini.
Usipange kitu.
Watakaa sakafuni.