Kitako cha Kibaba

Kila Jumapili nafika jua halijakomaa,
kalamu sikioni, daftari kwapani,
nauliza swali lile lile kwa watu wale wale:
Uwele leo bei gani?

Sabiu hanitazami. Anachota, anamimina,
anachota. "Mia saba, Larai. Kama juma lililopita.
Andika, uende zako."
Nami naandika mia saba.
Kunde, vilevile. Mahindi ya ng'ambo, yamepanda kidogo.
Mbuzi dume wa miaka miwili, ameshuka.
Mwezi wa pili mbuzi huyo alikuwa gunia zima la uwele
na chumvi juu yake.
Leo ni nusu gunia,
na aliyemleta anarudi nyumbani hasemi na mtu.

Kule Niamey wana ramani ukutani.
Masoko ni vitone, biashara ni mistari:
mnene toka Kano hadi Maradi,
mwembamba toka Maradi hadi Dakoro,
na kuja kwetu, mvua ikishakata barabara,
unywele.
Bwana Hamidin alitufundisha siku tatu, chai na biskuti.
Soko lililoungana na wenzake, alisema,
bei yake haikai peke yake;
huku mtu akikohoa, kule wanashika kifua.

Ni kweli, tunashika.
Ila nimeona jambo ambalo ramani haina rangi yake:
bei ikipanda Kano, hupanda simu,
saa nne asubuhi imeshamfikia Sabiu.
Ikishuka, huja kwa punda,
na punda ana kila sababu ya kuchelewa.

Juni yote, mia saba. Julai, mia saba.
Ofisi ikaniletea ujumbe: Soko lenu tulivu, hongera.
Hongera! Utadhani ni mimi niliyelibembeleza likalala.
Ndipo Delu, mwenye wana watano na mume aliyepotelea Libya,
akanishika mkono:
"Bei ni ile. Sufuria ni ile. Maji ni yale.
Mbona uji wangu unaonyesha chini?"

Nikaazima mizani ya zahanati,
ile ya kupimia watoto,
nikatundika kibaba cha Sabiu kikiwa kimejaa.
Machi kilibeba kilo mbili na nusu.
Sasa mbili, kasoro kidogo.
Nikakigeuza. Kitako kimegongwa kwa nje
kikabonyea ndani, polepole,
nyundo moja leo, moja keshokutwa,
kama kazi ya mtu anayeona haya.
Haba na haba hujaza kibaba, tuliambiwa;
hatukuambiwa kwamba haba na haba hukila.

Nikaandika kwenye safu ya maoni: kipimo kimepungua.
Kompyuta haisomi safu ya maoni.

Basi nikanunua kibaba changu, bati gumu, kwa pesa yangu,
nikakipima mbele za watu
nikakiweka juu ya meza ya muuza betri.
Mwenye shaka na alichouziwa, amiminie humu.
Kufika adhuhuri foleni ilipita banda la nyama.
Sabiu alinitukania mababu wa pande zote mbili,
kisha, maana mteja ni mteja,
akapotea nyuma ya magunia.
Tukasikia nyundo. Safari hii ikigonga kwa ndani.
"Mia tisa," akasema alipotoka, jasho likimtiririka.
"Kilichonyooka ni mia tisa."

Jioni Hamidin akanipigia, pumzi juu juu:
"Mia saba miezi miwili, leo mia tisa!
Kumetokea nini huko? Nzige? Daraja? Lori limepinduka?"

Nilikuwa namtazama Delu akifunga nusu kibaba
kwenye pembe ya kitambaa chake.
Ukweli haukumpunguzia hata faranga moja.
Alifunga fundo, akalijaribu kwa meno, akaenda.

"Leo halijatokea neno, bwana," nikamjibu.
"Futa hiyo leo. Andika Juni."