Chongo na Kengeza

Nilisema mara moja tu, tena nikimenya chungwa,
kwenye kibanda cha Kaniki, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
pale panapolipiwa mia tano kwa nusu saa:
nilisema lile gemu la mapanga mnalolisujudia
linanichosha.
Kubwa, sawa. Macho yanashiba, sawa.
Lakini zimwi la saba ni zimwi la kwanza lililovuliwa kofia,
na mimi ninayeshinda nikigombana na mashine ya kudurufu
sioni kwa nini jioni nilipie kupigwa.

Nikaongeza, na hapo ndipo nilipojiponza,
kwamba naona bora lile la zamani, la mkulima,
lenye ng'ombe wa mraba,
ambamo hafi mtu,
mvua inapiga juu ya bati
na wewe unangoja mahindi.

Kicheko.
Padi zikawekwa chini,
jambo ambalo kwa Kaniki hutokea umeme ukikatika tu.
Mmoja akauliza nani kamfungulia dada wa stesheneri.
Mwingine, kijana wa Makorora mwenye baiskeli isiyo na breki,
akanipiga na methali:
ukipenda, chongo utaita kengeza.
Nikamrudishia: kipendacho moyo ni dawa.
Tukaendelea hivyo, methali kwa methali,
kama watu wanaorushiana vyombo visivyo vyao.

Hoza hakucheka.
Saa nne usiku simu ikatetemeka juu ya godoro.

*Dada Mwanamvua, za jioni. Sikubaliani nawe hata chembe.
Zimwi la saba halikuvuliwa kofia tu, linapiga kwa kushoto.
Ukilitazama bega, linakuambia kabla.
Nilipigana nalo siku nne, mama akiwa amelazwa Bombo.
Nilitaka kitu ambacho nikishindwa
kinaniambia anza tena.
Basi ni hilo tu.
Ila niazime lako, nami nione.*

Nikasoma mara mbili.
Nikafuta jibu nililokuwa nimeshaliandika nusu,
maana lilikuwa na "wewe na wenzako" ndani yake,
lilikuwa na alama tatu za mshangao.
Nikaandika: *Njoo uchukue kesho. Nami niachie lako.*

Wiki nzima Hoza akalima.
Wiki nzima mimi nikachinjwa.
Nilikufa mara thelathini na nane,
na ile ya thelathini na tisa nikaliona bega.
Kweli linashuka, kidogo sana,
kama la mdeni aliyekuona kabla hujamwona.
Nikaruka pembeni. Panga likapita hewani.
Nilipiga ukelele hadi jirani akagonga ukuta.
Halafu likaniua kwa mkono wa kulia,
ambao Hoza hakuutaja.

Jumapili umeme hakuna.
Tukakaa kwenye benchi la Kaniki, nje,
mfuko wa machungwa ya Muheza katikati yetu.
"Bado ni bovu," akasema Hoza, kwa adabu zake zote.
"Yule ng'ombe hata kulia halii kama ng'ombe."
"Na lako bado linanichosha."
"Bega uliliona?"
"Niliona bega."
Akatikisa kichwa kama mtu aliyelipwa.
Kimya. Baiskeli tatu zikapita, ya nne ikiburuta mnyororo.
"Ila ile mvua," akasema.
"Imefanyaje?"
"Nililala nimeiacha inanyesha.
Mama akaja chumbani kwangu, na fimbo yake,
kuuliza mbona sikufunga dirisha."

Sikusema neno.
Lingekuwa la ushindi, na ushindi haukuwepo:
yeye kwake, mimi kwangu,
na kati yetu bega moja na mvua moja
zilizokwisha kuvuka mpaka.

Ndani, kijana wa Makorora akaanza kumlaumu Kaniki
kana kwamba Kaniki ndiye shirika la umeme.
Nikalipasua chungwa kwa vidole, nikampa nusu.
"Chachu," nikasema.
"Tamu," akasema Hoza,
akizitafuta mbegu kwa ulimi.